Triumph Spitfire: Ilipolegezwa nyuma ndipo ikashika kona

OKTOBA 1962, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court jijini London, kampuni ya Triumph ilizindua kigari cha wazi cha watu wawili, ikakipa jina la ndege ya kivita iliyowapa Waingereza sifa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Spitfire. Jina zito kwa gari lenye injini ya cc 1147 na nguvu za farasi 63.

Lakini lilivutia. Bodi ilichorwa na Mtaliano Giovanni Michelotti, breki za mbele zilikuwa za diski, na boneti ilifunguka yote pamoja na matao ya tairi, fundi akawa anakaa juu ya tairi huku anashughulika na kabureta. Lilikuwa jepesi, na lilikata kwa mduara mdogo kiasi kwamba dereva aliweza kugeuza kwenye barabara ambayo wenzake walihitaji kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu.

Tatizo lilikuwa nyuma. Dereva akiingia kwenye kona kwa mwendo mkali, halafu katikati ya kona akashtuka na kuachia mafuta, tairi la nyuma la upande wa nje lilijikunja chini ya gari. Mkia ulinyanyuka, ukaanza kutangulia, na kwa dereva mgeni mchezo ukawa umeishia hapo. Mtaroni, au kwenye mti.

Spitfire ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1980. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote sasa ina zaidi ya miaka 40. Bado zipo nyingi barabarani Uingereza, nyingine zinashindana kwenye mbio za klabu na za kupanda vilima, na wanaozinunua leo wengi wamezoea magari ya kisasa ambayo kompyuta inasahihisha kosa la dereva kabla hajalijua. Spitfire haisahihishi chochote. Ndiyo maana swali la kuifanya ishike kona vizuri si la mapambo wala la kujionyesha kwa wenzako.

Na jibu lake linawachanganya wengi. Mtu akitaka gari likate kona, wazo la kwanza ni kukaza: springi ngumu, shokapu ngumu, kila kitu kigumu. Kwa Spitfire, ukikaza nyuma umejitafutia balaa. Dawa ni kulegeza.

EKSELI YA BEMBEA

Kisa kinaanzia kwenye gari jingine, Triumph Herald ya mwaka 1959, kazi ya mhandisi mkuu Harry Webster akishirikiana na Michelotti. Wakati huo magari mengi ya bei nafuu ya Kiingereza yalikuwa na ekseli moja nzima nyuma, bomba la chuma kutoka tairi hadi tairi. Herald ilikuja na ekseli iliyokatwa katikati. Difu ilifungwa kwenye chasisi, na kila upande ukatoka shafti yenye krosi moja tu, ile iliyo karibu na difu. Juu ya difu ikalazwa springi moja ya mabapa, kama ya lori lakini imekaa kwa upana wa gari, ncha zake zikashika tairi mbili za nyuma.

Ilikuwa njia rahisi na ya gharama ndogo ya kufanya kila tairi la nyuma licheze lenyewe. Tairi la kulia likipanda jiwe, la kushoto halina habari. Spitfire ilipokuja miaka mitatu baadaye ilirithi mpango huo jinsi ulivyo.

Ubaya wa krosi moja ni huu. Mfikirie ndege aliyekunjua mabawa. Mwili wake ukinyanyuka, mabawa yanainamia chini. Mwili ukishuka, mabawa yanafunguka. Tairi za Spitfire ndivyo zinavyofanya. Gari likinyanyuka nyuma, tairi zote mbili hazibaki wima, bali miguu yake inasogea kwa ndani, chini ya gari. Mafundi wanaiita kemba chanya, na tairi lililolala hivyo linagusa lami kwa ukingo tu.

Sasa ingia nalo kwenye kona. Gari linataka kwenda nje, lami inasukuma tairi la nje kuelekea ndani, na kwa kuwa shafti imeinama, msukumo huo unageuka kuwa jeki. Unanyanyua mkia wa gari. Mkia ukinyanyuka, tairi linazidi kujikunja, na jeki inapata nguvu zaidi. Kwa kona ya kawaida mambo haya hayafiki mbali kwa sababu uzito wa gari unabaki nyuma ilimradi dereva anaendelea kukanyaga mafuta. Akiachia, au mbaya zaidi akigusa breki, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na jeki haina cha kuizuia.

Ukatili wake uko hapo. Kosa linakuja pale ambapo mtu anaogopa na kufanya kile ambacho kila binadamu angefanya.

SAFARI RALLY ILIIJUA

Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani haya ni mambo ya Wazungu na barabara zao. Ekseli ya bembea iliwahi kutawala hapa. Volkswagen Beetle, zile ndogo zenye mgongo wa duara, zilikuwa nayo nyuma, na zilishinda mbio za kwanza kabisa za mwaka 1953, wakati zikiitwa Coronation Safari, zikarudia 1954, 1957 na 1962. Kati ya 1959 na 1961 ushindi ulikwenda kwa Mercedes-Benz mara tatu mfululizo, na nazo zilitumia ekseli ya aina hiyo, ila Wajerumani walikuwa wamekishusha kiungo chake chini ya difu ili kupunguza ile jeki.

Kwa hiyo ekseli yenyewe haikuwa takataka. Kwenye matope na makorongo, ambako kila tairi linapanda shimo lake, ilikuwa mali. Na kwenye udongo tairi linateleza mapema, halishiki kiasi cha kuweza kulinyanyua gari. Lami ndiyo iliyoifichua. Kadiri tairi linavyoshika, ndivyo jeki inavyopata pa kukanyagia.

Nje ya Uingereza jambo hili liliwahi kugeuka siasa. Mwaka 1965 mwanasheria wa Marekani, Ralph Nader, alitoa kitabu cha kuwashambulia watengenezaji wa magari, na sura yake ya kwanza ilikuwa ya Chevrolet Corvair, gari lenye injini nyuma na ekseli ya bembea. Utafiti wa serikali ya Marekani uliotoka 1972 ulisema Corvair haikuwa mbaya kuliko wenzake wa wakati ule, lakini jina lilikuwa limekwisha kuchafuka. Tangu hapo, kila mwenye kuuza gari la namna hiyo Marekani, na Triumph iliuza nyingi huko, alikuwa na la kujibu.

JIBU LA GHARAMA NA JIBU LA BEI POA

Mwaka 1966 Triumph yenyewe ilijiongezea mzigo. Ilichukua umbo la Spitfire, ikaliwekea paa na injini ya silinda sita ya cc 1998 yenye nguvu za farasi 95, ikaliita GT6. Pua ikawa nzito, kasi ikapanda, nyuma ikabaki vilevile. Waandishi wa magari walisifu injini na kulalamikia mkia.

Wahandisi walijibu mwaka 1968. GT6 ya pili ilipata mkono wa chini kila upande, springi ikawa kama mkono wa juu, na shafti zikawekewa kiungo kikubwa cha mpira kinachoitwa Rotoflex ili ziweze kurefuka na kupinda. Tairi sasa lilibaki karibu wima gari likipanda au kushuka. Tatizo liliisha. Ila mpango huo ulikuwa na vipuri vingi na ulikuwa ghali, na Spitfire, gari la kijana mwenye mshahara wa kwanza, halikupewa.

Spitfire ilisubiri hadi Mark IV ya mwaka 1970, na ilichopata ni kitu ambacho ukikitazama unaweza kudhani ni mzaha.

Zamani mabapa yote ya springi yalikuwa yamebanwa juu ya difu kwa boliti. Gari lilipolala kwenye kona, springi ilibidi ipinde upande mmoja juu na upande mwingine chini, na ilikataa. Kukataa kwake kulifanya uzito mwingi wa nyuma uhamie kwenye tairi la nje. Kwenye Mark IV mabapa mengi yaliachwa huru yacheze juu ya egemeo katikati, kama ule ubao wa watoto ambao mmoja akishuka mwenzake anapanda. Tairi zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja, springi inafanya kazi yake kama kawaida. Gari likilala kwenye kona, inafuata tu, haibishi.

Faida yake? Uzito unagawanyika vizuri zaidi kati ya tairi la nje na la ndani. Tairi la nje linapojaribu kunyanyua mkia, la ndani, ambalo sasa lina uzito wa kutosha kushika lami, linauvuta chini. Jeki mbili zinapingana. Wala hakikuongezwa kiungo kipya cha ghali kwenye shafti.

Lakini gari haliwezi kuachwa lilale ovyo, ndipo upande wa pili wa dawa unapoingia. Triumph iliongeza unene wa stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi za mbele. Kazi ya kuzuia gari kulala ikahamishiwa mbele. Dereva akizidisha mwendo, pua ndiyo inayoanza kukataa kona, anaisikia kwenye usukani, anapunguza. Mwaka 1973 shafti za nyuma zilirefushwa, tairi zikawa mbali zaidi kwa takriban sentimita 5, na tabia ikatulia zaidi.

Ushahidi kwamba kitu kile hakikuwa mzaha ulikuja mwaka huohuo: GT6 yenyewe, mtoto wa tajiri, ilivuliwa Rotoflex ikapewa springi ya bei poa ya mdogo wake. Sababu ya kwanza ilikuwa hesabu za pesa, hilo halifichiki. Lakini kampuni isingethubutu kama gari lingerudi kwenye tabia ya zamani.

Wakimbizaji walikuwa wameshanusa njia hiyo. Formula Vee, mbio za magari madogo yaliyojengwa kwa vipuri vya Beetle zilizoanzia Marekani, zilikuja kujulikana kwa magari ambayo nyuma hayana kabisa kitu kinachozuia yasilale, kazi yote inafanywa na mbele. Na Spitfire zenyewe zilishajua kushindana. Kwenye Saa 24 za Le Mans mwaka 1965, Spitfire za kiwanda zilizofungwa paa zilimaliza nafasi ya 13 na 14, ile ya Jean-Jacques Thuner na Simo Lampinen ikiwa mbele, zikachukua ushindi wa daraja lao. Zilikuwa mikononi mwa watu ambao hawaachii mafuta ovyo katikati ya kona.

GEREJI INAANZA NA KUTU

Sasa rudi kwa mtu aliyenunua Spitfire ya 1966 au 1972 na anataka ikate kona. Kosa la kawaida ni kufungua orodha ya vipuri kabla ya kulaza mgongo chini ya gari.

Cha kwanza ni kutu. Kila tairi la nyuma lina mkono unaolizuia lisisogee mbele na nyuma, na ncha ya mbele ya mkono huo haikufungwa kwenye chasisi, imefungwa kwenye bodi, nyuma ya viti. Bati la hapo likiliwa na kutu, mkono unacheza, na tairi la nyuma linaanza kujiongoza lenyewe. Hakuna springi duniani itakayoponya hilo. Palepale ndipo zilipo shimu, vile vibati vyembamba vya kupanga mwelekeo wa tairi za nyuma, na mafundi wengi wakirudisha gari hawazirudishi kama walivyozikuta. Gari linatoka gereji limepakwa rangi linang'aa, lakini nyuma linatembea kama kaa.

Halafu bushi. Za mpira zilizokauka zitolewe zote. Mjadala wa kuweka mpira mpya au plastiki ngumu hauishi miongoni mwa wenye magari haya. Kwa barabara ya kawaida mpira mpya unatosha sana, na tofauti ambayo mtu anaisikia baada ya kuweka zile ngumu mara nyingi ni tofauti kati ya bushi nzima na bushi iliyokufa.

Mbele kuna kitu ambacho kinaua kimyakimya. Chini ya kila tairi la mbele mhimili wa chuma unaozunguka na usukani umesokotwa kwa nyuzi ndani ya kipande cha shaba kinachoitwa tranioni. Kiwanda kilielekeza kiwekewe mafuta mazito ya giaboksi, kwa sindano, kila baada ya muda. Wengi wakaweka grisi, na wengi zaidi hawakuweka kitu. Maji yanaingia, nyuzi zinaliwa, na siku moja mhimili unakatika, mara nyingi gari likiwa linageuka taratibu kwenye maegesho, tairi linalala kifudifudi. Ukiwa na bahati ni kwenye maegesho.

Hayo yakiisha ndipo pa kuongea springi. Mwenye gari la kabla ya 1970 anaweza kufunga springi ya Mark IV, na wengi wamefanya hivyo, lakini ni lazima aje na stebilaiza nene ya mbele. Vitu hivyo viwili ni pacha. Ukiweka springi peke yake, gari litalala kama mtumbwi. Na kuongeza stebilaiza ya nyuma kwenye ekseli hii, kama wafanyavyo wenye magari mengine, ni kurudisha ugonjwa uleule ambao Triumph ilitumia miaka minane kuuondoa.

Anayetaka kubaki na springi ya asili ana njia nyingine: kuishusha nyuma. Kipande cha chuma kinawekwa kati ya difu na springi, springi inapanda, gari linashuka, na tairi zinaanza zikiwa zimelala kidogo kwa juu kuelekea ndani, digrii 2 hivi. Mabawa yameshafunguka kabla ya kona, kwa hiyo jeki ina safari ndefu zaidi ya kwenda kabla ya tairi kujikunja. Wapo wanaoona gari likiwa limesimama hivyo wakadhani springi imechoka. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: springi mpya iliyo juu mno, tairi za nyuma zimesimama wima au zimejikunja chini ya gari likiwa tupu. Hilo ni bomu. Na vipimo vyote vichukuliwe kukiwa na uzito wa watu wawili vitini, kwa sababu kwenye gari jepesi hivi dereva mmoja mnene anabadilisha kila kitu.

Rotoflex ya GT6? Inaingia, na wapo waliofanya. Lakini viungo vyake vya mpira vinachanika kwa uzee na mafuta, kuvibadilisha ni kazi ya jasho na matusi, na siku hizi wengi wenye mpango huo wanaishia kununua shafti za kisasa kuziba nafasi hiyo. Kwa mtu wa barabarani, pesa hiyo ina matumizi bora.

Tairi nazo zina kiasi chake. Gari lilizaliwa na tairi nyembamba. Kuvaa 175/70 za kisasa kwenye rimu za inchi 13 ni sawa kwa gari ambalo nyuma yake imeshatengenezwa. Kuvaa tairi pana zinazong'ang'ania lami kwenye gari lenye springi ya zamani iliyobanwa ni kuipa jeki mahali pazuri zaidi pa kukanyagia.

Mwishowe kuna dereva, na hapa hakuna kipuri. Breki zimalizike kabla ya kona, gia iwe imeshaingia, na mguu ubaki juu ya mafuta kidogo, hata kama kona imegeuka kali kuliko ilivyoonekana. Wakufunzi wa mbio za zamani huwafanyisha wageni zoezi hilo kwenye uwanja mpana usio na mti wala ukuta, mara nyingi, hadi mguu uache kujiondoa wenyewe.